Wosia wa mwaka 1321 kwenye sanduku la bibi, mbona mke mmoja hayupo kwenye mgao? Naomba msaada

sanduku_la_bibi

Asalaam aleikum na habari zenu wote, wakubwa shikamooni. Bibi mzaa baba alifariki Unguja mwaka jana, Mungu amrehemu, na kwenye kugawana vitu watu wakagombania vitanda na vyombo mi nikaishia na kisanduku chake cha mbao ambacho wengine walikuwa wanasema makaratasi ya ndani yachomwe tu maana hakuna anayeyasoma. Nikayabeba mpaka huku Dar. Mengi ni risiti za karafuu na barua, ila kuna karatasi moja nene imekunjwa mara nne, Kiarabu pande zote mbili, chini kuna muhuri. Nikampelekea ustadh mmoja hapa Temeke akanisomea huku mi naandika kwa Kiswahili.

Upande wa mbele ni wosia wa babu yake bibi, nitamwita mzee H maana sitaki kumwaga majina ya ukoo humu. Tarehe ni usiku wa Jumatatu, 5 Rabiul Awwal (mfungo sita) 1321. Anataja kwamba Muhindi mmoja wa Mkunazini anamdai rupia 120 na kamwekea rahani shamba, alipwe kwanza. Halafu anausia mtu akamhijie. Halafu anasema Zafarani binti Abdalla, mama wa mwanangu S, apewe minazi 15 ya upande wa suheli (kusini) na nyumba ya makuti iliyo hapo hapo. Basi, mashahidi wanne.

Upande wa nyuma mwandiko ni mwingine kabisa, ustadh anasema ni wa kadhi au karani wake, mwezi wa Shaaban mwaka huo huo. Hapo ndo kuna mgao wa pesa: S 200, mwanamme mwingine 200, halafu mabinti watatu kila mmoja 100, na Bi M binti fulani 100. Jumla 800. Zafarani hayupo!!

Sasa nyumbani sisi tumekua tunaambiwa Zafarani alikuwa mke wa pili wa mzee H, kaja na jahazi kutoka Ngazija (Komoro) na babake alikuwa shehe mkubwa huko. S ndo baba yake bibi yangu, kwa hiyo huyu Zafarani ni damu yetu. Baba mdogo nilipomsomea kwenye simu akapandisha, akasema basi kadhi alihongwa na watoto wa mke mkubwa wakamdhulumu bibi yetu. Maswali yangu: kweli alidhulumiwa? Na hii karatasi si itakuwa na faili lake mahali, wapi nikaulize? Kuna binti mmoja wa mzee H aliolewa Mombasa, upande ule hatujuani nao kabisa.

abuu_sumayya

Waaleikum salaam. Dada mimi nasomesha mirathi kwenye chuo kidogo tu cha mtaani kwa hiyo chukua kama msaada sio fatwa, ila karatasi yako ni nzuri mno na huyo kadhi usimlaumu haraka, hesabu yake imenyooka.

Angalia. Mali ya maiti inatoka kwa foleni: kwanza gharama za kuzika, halafu madeni, halafu wosia ambao hauzidi theluthi, kinachobaki ndo wanagawana warithi. Mke akiwa na marehemu mwenye watoto anapata thumuni, yaani moja ya nane. 800 gawanya kwa 8 ni 100, ndo hiyo ya Bi M. Zinabaki 700, mwanamme anachukua mara mbili ya mwanamke, wanaume wawili na wanawake watatu ni mafungu saba, kila fungu 100. Hakuna senti iliyopotea.

Na hapo hapo unajifunza mambo ambayo hayajaandikwa. Wake wakiwa wawili hawapati thumuni kila mtu, wanagawana hiyo hiyo moja, kwa hiyo ungeona 50 na 50. Bi M kachukua 100 nzima, maana yake siku mzee H anakufa alikuwa na mke mmoja tu. Vile vile baba yake na mama yake walikuwa wameshatangulia, wangekuwa hai kila mmoja angechukua sudusi, yaani moja ya sita, na hesabu yote ingebadilika. Na hao watano ndo watoto wote waliokuwa hai, kama mlikuwa mnahesabu mtoto wa sita kwenye ukoo basi ama alifariki kabla ya babake ama si wake. Ukoo mzima unautoa kwenye hizo namba.

Sasa Zafarani. Mrithi hausiwi. Huwezi kumwandikia mkeo wosia wakati ana fungu lake, warithi wengine wasiporidhia unaanguka. Mzee H anaonekana alijua sheria au aliandikiwa na mtu anayejua. Kama kamtoa Zafarani kwenye theluthi, basi alikuwa anajua kwamba mlango wa mirathi kwake umefungwa na anataka asitoke mikono mitupu. Kwa hiyo hapana, hakudhulumiwa, ila pia hakuwa mke, angalau sio siku hiyo.

Nikuulize moja kabla sijaenda mbali: kwenye upande wa mbele inasemwa hiyo minazi ni wosia au ni deni, mfano mahari ambayo hakumlipa? Waume wengi wa zamani walikufa na mahari za wake zao shingoni wakayaandika kama deni. Hiyo ingekuwa habari nyingine.

sanduku_la_bibi

Nimempigia ustadh saa hizi hizi, anasema neno la deni lipo kwa Muhindi tu. Kwa Zafarani imeandikwa wazi itoke kwenye theluthi. Shehe unanitisha sasa, kama si mke ni nani na mtoto wake kapata 200 sawa na mwenzie??

makaratasi_kuukuu

Nimesoma faili nyingi za namna hii Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, kwa ajili ya kazi zangu, ngoja niseme ambalo naona watu wanalizunguka. Zafarani kuna uwezekano mkubwa alikuwa suria, yaani mtumwa wa kike ambaye bwana wake anakaa naye kama mke bila ndoa.

Dada usikasirike. Angalia vitu vitatu kwa pamoja. Jina, watu waliotekwa walipewa majina ya manukato na vito na siku na baraka, Zafarani, Johari, Almasi, Feruzi, Mabruki, Juma, na ingawa waungwana nao wengine waliyatumia, sanasana ukikutana nalo kwenye karatasi ya enzi zile unainua kichwa. Pili binti Abdalla, mtu aliyesilimu ambaye babake hajulikani au si Muislamu mara nyingi aliandikwa hivyo, mwana wa mja wa Mungu, hakuna wa kubisha. Akina Abdalla wa kweli wapo tele, kwa hiyo peke yake halitoshi. Tatu ndo hilo la shehe hapo juu, anatajwa kwa mtoto wake, "mama wa mwanangu", hatajwi kama mke, na analishwa kwenye theluthi.

Kuhusu mtoto kupata sawa, hiyo ndo sheria ilivyo. Mtoto wa suria ambaye baba kamkubali ni huru toka anazaliwa na anarithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sayyid Said aliyefariki 1856 watoto wote aliowaacha walikuwa wa masuria, wakiwemo masultani waliofuata na Bibi Salme mwenyewe aliyekwenda kuishi Ujerumani, mamake alikuwa Mcherkezi. Suria ndo harithi, ila kwa Mashafi (wafuasi wa madhehebu ya Shafi) akishamzalia bwana wake anakuwa huru siku bwana anapokufa, hauzwi wala harithishwi. Kwa hiyo S ni mtoto halali wa mzee H kwa kila hali, hapo hakuna wa kuwanyooshea kidole.

Na miaka inakubali. 5 mfungo sita 1321 inaangukia mwisho wa Mei kuingia Juni 1903. Ukitaka siku yenyewe, usiku wa Jumatatu wa zamani ni Jumapili baada ya magharibi kwa hesabu ya sasa, kwa hiyo ni kama 31 Mei, mwandamo unaweza kusogeza siku moja huku au huku. Shaaban ni kuanzia mwisho wa Oktoba, basi mzee kafa kati ya hapo. Amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897 ndo iliondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini watumwa ilibidi waende wenyewe kudai uhuru na masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake, mpaka ilipokuja sheria nyingine 1909. Kwa hiyo 1903 suria ndani ya nyumba ya mtu alikuwa bado ni kitu cha kawaida kisheria.

Wapi uende. Nyaraka za Taifa pale Kilimani ndo pa kwanza, kuna mafaili ya mirathi ya mahakama na kuna ya wakfu na kuna madaftari ya hati za ardhi na rahani. Usiende ukaomba "faili la babu yangu", hakuna atakayeweza kukusaidia. Nenda na orodha: jina la mzee kwa Kiarabu kama lilivyo kwenye karatasi pamoja na babu yake na nisba (jina la kabila au mahali anakotoka), jina la shamba, mwaka wa Hijria na wa kizungu, majina ya mashahidi wote wanne, na jina la huyo Muhindi.

Huyo Muhindi usimdharau kabisa. Watu wanatafuta babu yao kwa jina la babu yao wanakosa wanarudi nyumbani, kumbe mzee kasajiliwa kwenye kesi ya mtu mwingine. Wafanyabiashara wa Kihindi wengi walikuwa raia wa Uingereza na toka 1866 mashauri yao yalikwenda mahakama ya balozi wa Kiingereza. Akidai rahani yake anapeleka karatasi kule, kwa Kiingereza, na kueleza mdaiwa ni nani, kafa lini, warithi ni akina nani, shamba lina minazi mingapi. Ukoo wako unaweza kuwa umeandikwa vizuri zaidi na mdai wenu kuliko na nyinyi wenyewe.

bi_mkubwa_vuga

Mie nimekaa nawasoma tu hawa wanaume wanavyokimbia. Mwanangu, kabla hujenda kumwambia babako mdogo kuwa nyanya yake alikuwa suria, subiri.

Mtalaka je? Mke akishaachwa na eda ikesha harithi, na mwanamme mwenye haya zake akitaka kumtunza mama wa mwanawe anamwandikia katika theluthi, hivyo hivyo kama ilivyo hapo. "Mama wa mwanangu" ndivyo anavyoitwa mtalaka, utamwita mke wangu naye si mkeo tena? Na nyumba keshakaa, mwacheni akae. Mie nyumbani kwetu tuna karatasi ya namna hiyo na huyo bibi alikuwa mtalaka, ndoa yake na talaka yake vyote vinajulikana.

Na hilo la Ngazija msilitupe. Ni kweli wengi walijisema Wangazija baada ya mambo kwisha kwa sababu Mngazija alikuwa na heshima yake mjini, lakini na Wangazija wa kweli walikuwapo chungu nzima Unguja, wameoa na wameolewa.

La mwisho. Hiyo karatasi usiitembeze kwenye WhatsApp ya ukoo. Watu wakisikia wosia, minazi, shamba, wataona unataka kufufua kesi, na shamba lenyewe sijui kama lipo. Baada ya Mapinduzi ya 64 ardhi ikawa mali ya serikali watu wakagawiwa ekari tatu tatu. Waambie natafuta majina tu, na anza na wazee wenye miaka themanini na kitu, ukae nao jioni uwaulize habari za harusi. Habari za mirathi utazipata humo humo bila kuziuliza. Watakwambia nani alikuwa hakai mkeka mmoja na nani na kwa nini.

abuu_sumayya

Bi mkubwa shikamoo. Umenena, la mtalaka nililiwaza nikaliacha likipita. Kwa hesabu peke yake hatuwezi kutenganisha mtalaka na suria, wote wawili wako nje ya mirathi na wote wawili wanausiwa.

Dada ulizia na madhehebu. Enzi hizo Unguja kulikuwa na makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kisuni, na ukijua muhuri ni wa yupi unapunguza kazi ya kutafuta.

sanduku_la_bibi

Bi mkubwa marhaba... yaani shikamoo 😂 nimechanganyikiwa hata salamu. Kusema kweli usiku nimelala vibaya. Si kwa aibu, ni kwamba bibi mwenyewe kila nikimuuliza habari za Zafarani alikuwa anasema "alikuwa mzuri mno" halafu anabadilisha mazungumzo, na hakuna mtu kwao aliyeitwa jina hilo tena, wakati akina Bi M tunao watatu.

Sasa nawezaje kujua ni lipi kati ya haya mawili? Kuna karatasi gani ingeweza kusema?

makaratasi_kuukuu

Ipo, tafuta kifo chake yeye, sio cha mzee.

Zafarani kaachiwa minazi na nyumba 1903, kwa hiyo naye kawa mwenye mali, na mwenye mali akifa kuna mtu anakwenda kwa kadhi. Kama alikuwa mtalaka muungwana, atakuja kaka yake au mtoto wa baba yake mdogo, huyo shehe wa Ngazija atatajwa kwa jina kamili na nisba. Kama alikuwa ameachwa huru, kwenye karatasi mara nyingi hakuandikwa hivi hivi, anaandikwa huru wa fulani, na kisheria aliyemwacha huru au warithi wake wa kiume wana haki ya urithi kwa mtu asiye na ndugu wa damu. Mwanawe S yupo atachukua, lakini karani bado ataandika yeye ni huru wa nani kwa sababu ndo nasaba yake pekee iliyopo serikalini. Neno moja hilo linamaliza ubishi wote.

Njia nyingine ni majirani. Hati za zamani za shamba hazina namba za plot, zina mipaka minne, kibla (kaskazini) shamba la fulani, suheli minazi ya fulani, matlai (mashariki) njia, magharibi bahari. Zafarani kuanzia 1903 ni jirani wa mtu. Tafuta hati za mashamba ya kandokando ya lile la mzee H kwa miaka kama ishirini baadaye uone anaitwaje pale. Watu wanaouza shamba hawana sababu ya kumpamba jirani. Na kumbuka kwetu miti na ardhi ni vitu viwili, anaweza kuwa na minazi 15 juu ya ardhi ya mtu mwingine, kwa hiyo usishangae ukikuta shamba kauza S na nduguze lakini minazi imebaki kwa jina la mama.

Halafu kuna madaftari ya fidia ya baada ya 1897, mabwana walilipwa kwa kila mtumwa aliyekwenda kudai uhuru na majina yao yako humo. Zafarani mwenyewe sitegemei umkute kwa sababu ya lile la masuria, ila ukikuta mzee H kalipwa fidia ya wengine, utajua nyumba yake ilikuwa ya namna gani.

Mwisho pitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kama mzee au mmoja wa mabinti aliweka wakfu kisima au msikiti au nyumba kwa ajili ya kizazi chake, hati ya wakfu inataja kizazi na wakati mwingine inataja na walioachwa huru kwamba na wao wakae humo. Hizo ndo karatasi zinazosema ukweli kuhusu watu wa ndani.

Beba kitambulisho, barua ya sheha haidhuru, na mtu anayesoma Kiarabu cha mkono kama wewe husomi. Kalamu ya risasi, sio ya wino.

mtu_wa_mvita

Nduguzangu wa Unguja mwasoma makaratasi kama mwala haluwa, polepole mpaka utamu wote utoke. Mie nijibu la Mombasa kwa sababu hilo hamkuligusa.

Dada, huyo binti aliyeolewa huku ana sehemu mbili za kumtafutia. Ya kwanza ni madai ya ardhi. Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi ya mwambao, kila mwenye shamba kwenye lile eneo la maili kumi la Sultani akatakiwa aje adai mbele ya afisa, na asiyedai ikawa ya serikali. Sasa watu walikuja na makaratasi yao yote ya wosia na hiba na mirathi na wakasimama wakaeleza, mimi nimerithi kwa mama yangu fulani binti fulani, mama alirithi kwa babake aliyekufa Unguja. Mashamba mengi yalikuwa ya ndugu wasiogawana kwa hiyo wakaorodheshwa wote, pamoja na wale walioko Pemba na Lamu na Maskati. Kama binti wa mzee H au mumewe alikuwa na kipande chochote kuanzia Mtwapa mpaka Likoni, jaribu huko. Nairobi Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, lile jengo lililokuwa benki, watu wapita pale kila siku wakidhani ni makumbusho tu ya vinyago.

Ya pili ni gazeti rasmi la serikali, hili huhitaji hata kutoka nyumbani. Lilianza 1899, wakati ule likichapwa Mombasa, na nakala nyingi ziko kwenye mtandao bure. Humo mna matangazo ya mirathi, fulani wa fulani kafa siku fulani mahali fulani, mwenye dai aje, na anayeomba ni mtoto au mjane au ndugu. Wengi waliopita kwa kadhi hawamo, utakuta zaidi waliokuwa na mali ya kupelekwa koti kubwa au walioshughulikiwa na msimamizi wa serikali. Tabu moja ni tahajia, Mngereza aliandika alivyosikia. Jina moja litafute kwa namna zote, Seif, Sef, Saif, Sefu, na "bin" mara yuko mara hayuko, na kompyuta haisomi vizuri chapa za zamani kwa hiyo ukikosa kwa kutafuta, fungua ukurasa mmoja mmoja wa ule mwaka.

La utumwa, huku kwetu lilifutwa kisheria 1907, kwa hiyo karatasi za Mombasa za kabla ya hapo usizipime kwa mwaka wa Unguja.

Na vitabu! Sijui Unguja ila Lamu na huku watu waliweka wakfu misahafu na vitabu, mbele ya kitabu kumeandikwa nani kaweka, kwa ajili ya nani, mwaka gani. Za msikiti wa Riyadha Lamu zimepigwa picha zikawekwa kwenye mtandao na maktaba ya Uingereza. Kwenye kile kisanduku kama mna msahafu wa zamani funua kurasa za mwanzo na za mwisho.

sanduku_la_bibi

Mtu wa Mvita!! Msahafu upo, anao shangazi Kikwajuni, hatujawahi kufungua nyuma kwa sababu umefungwa na kitambaa na unaogopwa. Nitamwomba.

Nimeamua hivi. Idi nakwenda Unguja, nitakaa na shangazi kwanza kama alivyosema bi mkubwa, nitauliza ya harusi. Halafu Kilimani na orodha, nimeshaanza kuiandika, ustadh kanisaidia majina ya mashahidi na mmoja ana nisba ambayo si ya Unguja anasema inaonekana ya Ngazija, sijui kama ina maana yoyote.

bi_mkubwa_vuga

Ina maana kubwa. Shahidi haokotwi njiani.

makaratasi_kuukuu

Inaweza kuwa na maana, inaweza kuwa ni imamu wa msikiti wa karibu. Ila muweke wa kwanza kwenye orodha, na akionekana tena kwenye faili la Zafarani mwenyewe basi mi nitamwomba radhi bi mkubwa hapa hapa mbele ya watu.

tanga_kunani

Samahani kwa kuingilia, na sisi wa bara je? Babu yetu alikufa Pangani kabla ya vita ya kwanza, wakati wa Mjerumani. Huko wosia ulikuwa unakwenda wapi? Tuna karatasi kama hiyo ila ina stempu ya tai.

makaratasi_kuukuu

Karatasi ya wosia yenyewe mara nyingi ilibaki nyumbani au kwa liwali au kadhi, hapo ni bahati. Lakini Mjerumani alikuwa na daftari lake la ardhi, na mashamba ya mwambao yaliyouzwa au kurithiwa na kusajiliwa yamo humo. Mafaili ya Wajerumani yaliyobaki mengi yako Nyaraka za Taifa Dar, Upanga, mtaa wa Vijibweni, kwa Kijerumani cha mkono, kile cha zamani ambacho hata Wajerumani wa leo wengi wanashindwa kukisoma. Kwa hiyo tafuta msomaji kabla hujatafuta faili. Hiyo stempu ya tai, kuna tarehe au jina la mji ndani ya duara? Piga picha pembe hiyo tu, majina yafunike, weka hapa. Na ufungue uzi wako ndugu yangu, huu tumuachie dada.